Divai ya Mwaka wa Sitini na Nne

Katika majira ya baridi ya mwaka 1947, siku ambayo nguruwe wa nyumba ya akina Bottura alichinjwa, Alcide alipewa bakuli lake la kwanza. Alikuwa na umri wa miaka minane. Nje, ukungu ulikuwa umeyafunika mashamba hata mfereji haukuonekana kutoka mlangoni. Ndani, wanaume wanne walikuwa wamesimama wakiupa moto wa meko migongo, kila mmoja ameshika bakuli la supu yenye agnolini, vile vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, ambavyo mama zetu walivikunja kwa ncha za vidole tangu alfajiri. Baba yake alitwaa chupa ya divai nyekundu ya nyumbani, ile yenye povu, akaimimina ndani ya supu mpaka ikageuka rangi ya zambarau, kisha akampa mwanawe.

"Kunywa polepole," alimwambia. "Na Sista akikuuliza shuleni, wewe ulikunywa supu."

Mimi nilikuwa mtoto wa jirani, nikapewa bakuli lililofuata. Tangu siku ile sikumbuki kumwona Alcide akila supu bila kuitia divai, wala sikumbuki mtu aliyemshangaa kwa hilo. Huku kwetu kwenye tambarare, kando ya mto Secchia, watu hutia divai katika supu kama wengine watiavyo chumvi.

Alikua akawa mtu mpole, mrefu, asiye na haraka. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa mlinzi wa malango ya maji kwenye mfereji mkubwa: mvua ikizidi aliyafungua, jua likizidi aliyafunga, na hakuna shamba hata moja lililozama kwa uzembe wake. Alimwoa Norina, wakapata mtoto mmoja, Loredana. Norina alifariki mwaka 1995. Loredana alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba wakati huo, na kulikuwa na kijana wa Modena aliyekuwa akija kumtembelea kila Jumapili. Baada ya mazishi Loredana alimwambia kijana yule wasubiri kidogo. Walisubiri mwaka, wakasubiri wa pili, na mwaka wa tatu kijana akaoa kwingine.

Alcide hakupata kumwambia binti yake abaki. Lakini hakumwambia aende, na jambo hilo ndilo lililomla. Mara nyingi, tukiwa tumekaa ukingoni mwa mfereji, alinieleza kwa maneno yale yale: "Nimefungua malango ya watu wote. La mtoto wangu mwenyewe nililiacha kama lilivyokuwa."

Ndipo akaja Ilario. Loredana alikuwa karani katika chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, naye Ilario Cagnasso alikuwa fundi wa mashine za kuchujia divai, aliyekuja kwetu kila mwaka kutoka vilima vya Langhe, upande wa Piemonte. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano, hajaoa, mnyamavu, mwenye mikono mikubwa. Kwa miaka miwili mashine za ushirika ziliharibika mara nyingi kuliko ilivyokuwa desturi, na watu wakaanza kutabasamu. Mwaka 2009, mwezi wa Oktoba, Ilario alimwomba Loredana amlete baba yake vilimani wakale chakula cha mchana cha Jumapili kwa mzee wake, Eusebio.

Sote tulijua maana ya chakula hicho. Ilario alikuwa amepata mchumba mwingine zamani, mwalimu wa shule, na mchumba huyo aliketi katika meza hiyo hiyo, akaona divai ya mzee ni kali, akaiongezea maji. Eusebio alimwambia maneno ambayo Ilario hakutaka kuyarudia. Yule mwalimu aliinuka kabla ya nyama kuletwa, akaenda zake, na hakurudi tena.

"Basi tutafanya iwe likizo," Loredana aliamua. "Twende Alhamisi, tutembee, tule, tuone majumba ya zamani. Jumapili tutakuwa tumekwisha kuzoea." Mimi nilikuwa na gari na sikuwa na la kufanya, nikachukuliwa kuwa dereva.

Tulikuwa bado hatujafika Piacenza Loredana alipogeuka kutoka kiti cha mbele.

"Baba, jambo moja tu. Moja."

"Sema, mwanangu."

"Usitie divai kwenye supu."

"Hata kidogo?"

"Hata tone, Baba. Kule divai ni kama sakramenti. Wanaizungumzia kwa sauti ya chini."

Alcide aliitazama barabara. "Sitatia," alisema. "Nimepata kufanya magumu zaidi." Kisha, baada ya kilomita nyingi, aliuliza kama pengine kule hawali supu kabisa.

Zilikuwa siku tatu njema, na naziandika kwa furaha. Alcide hakuwa amewahi kuishi mahali penye mwinuko mrefu kuliko ukingo wa mto, na barabara ilipoanza kupanda na kuzunguka alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. "Watu hawa wanalalaje bila kubingirika?" aliniuliza. Tulifikia katika nyumba ndogo ya wageni chini ya ngome, ambako mhudumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu, alituletea nyama mbichi ya ndama iliyokatwakatwa kwa kisu, yenye mafuta na limau. Alcide aliichunguza kwa adabu.

"Mama, hii mmesahau kuipika, au sisi tumewahi mno?"

"Mzee, ukitaka kilichoiva nitakukaangia kiatu changu. Onja kwanza."

Alionja, akamaliza, akaomba sahani ya pili. Yule mama akamwita "mchumba wangu wa tambarare" mpaka siku tulipoondoka.

Ijumaa tulipanda mnara wa ngome. Mizabibu ilikuwa imegeuka nyekundu na manjano, mistari juu ya mistari, kilima baada ya kilima, na nyuma ya vyote ilisimama milima mirefu yenye theluji. Alcide alivua kofia. Alisema kwamba angefurahi kujua nani anaelekeza maji ya mahali pale. Alasiri tuliteremka katika pishi la divai, ambako kijana mwenye tai alitufundisha kuzungusha glasi na kunusa.

"Unasikia harufu ya nini, mzee?"

"Ya njaa, mwanangu."

Kijana alicheka mpaka akamwaga kidogo, na akaenda kutafuta mkate na jibini. Jumamosi tulikula tambi nyembamba za mayai, za manjano kama jua, na jioni tukachovya mboga katika chungu kidogo cha dagaa wa chumvi na vitunguu saumu, kikiwa juu ya moto mdogo katikati ya meza. Loredana alimwonya baba yake kwamba kesho yake angenuka.

"Na bwana Eusebio leo amekula nini?" Alcide aliuliza. "Mawaridi?"

Nilimtazama siku hizo zote. Supu ililetwa mara mbili, na mara zote mbili aliuweka mkono wake wa kulia chini ya mkono wa kushoto, juu ya mapaja, mpaka mvuke ulipokwisha. Alikunywa supu tupu kama mtu anayekunywa dawa. Usiku wa Jumamosi, tulipokuwa tukipanda ngazi kwenda kulala, aliniambia: "Kesho tu, halafu mwanangu atakuwa huru. Mungu anishike mkono."

Jumapili ilikuwa ya baridi. Nyumba ya akina Cagnasso ilikuwa juu ya kilima, ya mawe, yenye jiko kubwa na meko iliyowashwa. Eusebio alitupokea mlangoni. Alikuwa mfupi, mkavu, nywele zimechanwa kwa maji, koti la Jumapili limefungwa vifungo vyote. Alikuwa mjane kama Alcide, na hilo lilitajwa pale mlangoni kwa maneno machache, kisha likaachwa. Karibu na dirisha aliketi mama yake, Bibi Giacinta, mwenye umri wa miaka tisini na miwili, shali mabegani, akituangalia mmoja mmoja kama mtu anayechagua kuku.

"Huyu mrefu ndiye baba?" aliuliza.

"Ndiye, Bibi," Ilario alijibu.

"Mketisheni karibu na moto. Watu wa ukungu huwa na mifupa baridi."

Hivyo Alcide aliketishwa mahali pa heshima, mgongo wake ukielekea meko.

Kabla ya chakula Eusebio aliingia chumba cha nyuma akarudi amebeba chupa kwa mikono miwili, kama mtu abebavyo mtoto wa kubatizwa. Ilikuwa na vumbi, na karatasi yake ya jina ilikuwa imeliwa na unyevu. Alisema kwamba hiyo ilikuwa divai ya mwaka 1964, mwaka aliozaliwa Ilario. Alikuwa amezitenga chupa kumi na mbili. Kumi na moja zilikwisha katika ubatizo, komunyo, mazishi ya mkewe na mambo mengine ya nyumba. Hii moja aliisaza kwa siku ambayo Ilario angeleta mke.

"Mara moja nilikaribia kuifungua," alisema, akimtazama mwanawe. "Nilifanya vizuri kungoja."

Aliifungua polepole sana. Akaimimina kwa zamu, vidole viwili katika kila glasi, rangi yake kama matofali ya zamani, na harufu ikajaa chumba. Loredana alikuwa mwekundu kwa furaha. Kisha Bibi Giacinta akamwashiria Ilario, naye akaleta mabakuli ya supu ya jogoo, na ndani ya supu mlikuwa na vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, vilivyokunjwa kwa ncha za vidole.

Alcide alilishika bakuli lake kulipasha joto viganja. Mgongoni mwake moto ulilia. Mvuke ulimpanda usoni. Na mkono wake wa kulia, ambao kwa siku tatu ulikuwa umefungwa kama mfungwa, ulikwenda wenyewe, ukachukua glasi, ukaimimina yote ndani ya supu.

Aliikoroga mara moja. Ndipo akaona.

Loredana aliweka kijiko chini bila mlio. Ilario aliangalia mezani. Eusebio alikuwa bado amesimama, chupa mkononi.

"Bwana Alcide," alisema, "unajua umemimina nini?"

"Sasa najua."

"Miaka arobaini na mitano."

"Ndiyo, bwana."

Angeweza kusema kwamba glasi ilimteleza. Sote tungesaidia uongo huo. Lakini Alcide aliliweka bakuli chini, akasimama, akawa mrefu sana katika jiko lile lenye dari fupi.

"Bwana Eusebio, sikukusudia kuidharau kazi yako," alisema. "Kwetu hufanyika hivi. Baba yangu alinifundisha nikiwa mtoto, na leo nimejisahau. Binti yangu alinionya, na nilimwahidi. Kwa hiyo kosa hili si lake. Yeye hana tabia hii. Yeye ana akili ya mama yake. Amenitunza miaka kumi na minne, na kwa ajili yangu amekwisha kupoteza nyumba moja. Nakuomba asipoteze ya pili. Kama mnaona vema, mimi nitakwenda kungoja garini, nanyi mle naye kwa amani."

"Baba, keti," Loredana alisema kwa sauti ndogo.

Eusebio aliweka chupa mezani, akatoka jikoni kwa mlango wa nyuma, na tukasikia viatu vyake vikiteremka ngazi za mawe. Supu ilianza kupoa. Ilario alisogeza kiti chake mpaka kikagusana na cha Loredana, akauchukua mkono wake mbele yetu sote, jambo ambalo nadhani hakuwa amewahi kulifanya.

"Mara hii," alisema, "mtu akiondoka hapa, naondoka naye."

"Hakuna anayeondoka," alisema Bibi Giacinta. "Hebu wewe mrefu, nisogezee bakuli hilo."

Alcide alimpelekea. Bibi alinusa, akalishika kwa mikono miwili, akanywa funda moja refu. Akafumba macho. Tulidhani amesinzia.

"Marehemu mume wangu alikula hivi kila Jumapili," alisema hatimaye. "Hapo hapo ulipoketi, akiupa moto mgongo. Na baba yake kabla yake. Nyumba zote za kilima hiki zilikula hivi, maana divai tulikuwa nayo na nyama hatukuwa nayo. Halafu wakaanza kuja wanunuzi wa mjini na viatu vyao vyembamba, na huyu mwanangu akamwambia baba yake aache, anatutia aibu. Mzee aliacha. Akawa anakula supu yake kimya kimya." Alinyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma. "Yeye anafikiri nimesahau. Mimi nimesahau nyimbo za kwaya, hili sijasahau."

Viatu vilikuwa vimekwisha kupanda tena. Eusebio alisimama mlangoni, na kwa uso wake ilikuwa wazi kwamba alisikia. Mkononi alikuwa na chupa kubwa ya kioo kisicho na karatasi, imejaa divai nyeusi mpya.

"Kwa supu, hii," alisema, akaiweka mezani kwa kishindo. "Ni ya nyumbani. Ile ya sitini na nne mtainywa kwenye glasi kama Wakristo."

"Ndiyo, bwana," Alcide alisema.

"Na bakuli hilo, Mama, nipe mimi. Siwezi kuacha imwagwe."

Aliketi. Alimpa Alcide bakuli lake mwenyewe ambalo halikuguswa, akalichukua lile la Alcide, akaanza kula. Alikula kijiko baada ya kijiko bila kumtazama mtu. Alipofika mwisho alikata kipande cha mkate, akafuta bakuli mpaka likang'aa, akakila kipande hicho pia. Hakusema kama ilikuwa tamu, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza. Kisha alitwaa chupa ya sitini na nne, iliyobakiwa na kiasi kidogo chini, akaimimina yote katika glasi tupu ya Alcide.

"Hii uinywe," alisema. "Nitakuwa nakutazama."

Alcide aliinywa akitazamwa. Alisema kwamba hajapata kunywa kitu cha namna hiyo maishani, na ilikuwa kweli. Hapo Eusebio alifungua kifungo cha juu cha koti lake.

"Kwenu nguruwe mnamchinja mwezi gani, mkwe wangu?" aliuliza.

Sikusikia jibu, kwa sababu Loredana alikuwa ameinama akilia ndani ya leso ya meza, na Bibi Giacinta alikuwa akimpigapiga mgongo na kumwambia ale kwanza, atalia baadaye, supu haipashwi moto mara mbili. Tulikula mpaka saa kumi. Kulikuwa na nyama iliyopikwa katika divai, na jibini, na peremende za Bibi, na mabakuli mengine mawili ya supu kwa watu ambao sitawataja, isipokuwa kusema kwamba mmoja wao alikuwa na umri wa miaka tisini na miwili.

Baada ya chakula Eusebio alitutembeza shambani. Alimwonyesha Alcide mahali ambapo mvua ilikuwa ikichimba udongo kati ya mistari ya mizabibu, na Alcide, ambaye alikuwa amengoja siku nne kuulizwa jambo analolijua, alipiga magoti katika matope akiwa na suruali yake ya Jumapili, akamwonyesha pa kuchimba mtaro. Waliondoka wakibishana mpaka chini ya kilima. Tuliwaona kwa mbali, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wakirusha mikono.

Safari ya kurudi ilikuwa ya giza. Loredana alikuwa amebaki mpaka Jumatatu. Alcide aliketi karibu nami, akafungua mkanda wa suruali tundu moja, akavuta pumzi ambayo nadhani ilikuwa imo kifuani mwake tangu mwaka ule Norina alipofariki.

"Umeona?" aliniambia. "Anakwenda."

"Anakwenda," nilisema. "Nawe utapika mwenyewe."

"Nitajifunza. Kuku nawajua, moto naujua. Kilichobaki ni sufuria." Tulipofika Piacenza alikuwa amelala, kinywa wazi, kama mtoto.

Walifunga ndoa mwezi wa Mei uliofuata, katika kanisa dogo la kule kilimani. Bibi Giacinta alihudhuria, akaishi mwaka mmoja na nusu zaidi. Alcide alijifunza kupika, vibaya kwanza, kisha vizuri kiasi, na kila vuli alikwenda kwa binti yake majuma mawili kuangalia mtaro na kubishana na Eusebio. Mimi siendeshi tena gari mbali, macho hayaruhusu.

Jumanne iliyopita, Alcide akiwa na umri wa miaka themanini, alinijia asubuhi na mapema akanipa ufunguo wa nyumba yake. Alinieleza kiasi cha mahindi ya kuwapa kuku kwa majuma yale mawili ya kila vuli. Kisha alipanda basi la saa moja na dakika kumi kwenda kituo cha treni, akiwa na begi moja na boga moja kubwa la kumpelekea Loredana.